Risasi za Kale za Shambani: Umri Wake na Zilikotoka

Masika yakishaosha udongo, mashamba ya huku kwetu Kilimanjaro na Arusha huanza kutoa vitu. Haya ni maswali ya wasomaji waliookota risasi na kutaka kujua ni za nani na za lini.

Shikamoo mzee. Shambani kwetu Kibosho nimeokota goroli zito la rangi ya kijivu, upana milimita 16. Babu anasema ni la vita vya Mangi Sina, mtawala wa Kibosho, na Wajerumani. Ni kweli?

Marahaba, na babu mfikishie shikamoo yangu. Anachosema kinawezekana, maana von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliishambulia Kibosho Februari 1891. Ila uduara peke yake hauthibitishi kitu.

Anza kwa kuipeleka kwa sonara akupimie uzito. Madini ya risasi yana gramu 11.34 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo goroli la milimita 16 linatakiwa kufika gramu 24 hivi. Likiwa na gramu 17, hicho ni chuma, na sumaku itakinasa. Kisha litazame juani ukiligeuzageuza. Ukiona mstari mwembamba umelizunguka, na mahali pamoja pana kovu bapa, limemiminwa kwenye kalibu: mstari ni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, kovu ni pale mkia ulipokatwa. Hiyo ni risasi ya gobore.

Sasa ya lini? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani gobore lilikwisha Wajerumani walipoingia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa magobore ya gumegume, yale yanayowashwa kwa cheche za jiwe. Watu wakaendelea kumimina risasi zao wenyewe kwa miaka mingi, za vita na za kufukuza nguruwe shambani. Goroli lako linaweza kuwa la zamani kuliko vita vya Sina, au la miaka arobaini baadaye. Likiwa peke yake, andika "gobore, karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20" na uishie hapo. Yakipatikana mengine karibu na ilipokuwa ngome ya Mangi, pamoja na maganda ya shaba ya bunduki za Wajerumani, maneno ya babu yatapata nguvu kubwa.

Nina vichwa viwili vya risasi kutoka shamba moja Kahe. Kimoja kinene, madini ya risasi matupu. Kingine chembamba, kimevikwa metali ngumu. Vinawezaje kuwa vya vita vimoja?

Vinaweza kabisa. Kahe palipiganwa Machi 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, siku chache baada ya Waingereza kuingia Moshi, na askari wengi wa Wajerumani walikuwa wameanza vita hivyo na bunduki ya Mauser ya 1871, ya milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi. Moshi wake uliwafichua walikojificha. Kichwa chake kina gramu 25 hivi. Kinachofanana nacho ni cha Martini-Henry ya Waingereza, ila hicho ni kizito zaidi, gramu 31.

Kwa hicho chembamba usitegemee upana. Cha Lee-Enfield ya Waingereza na cha Mauser ya 1898 vimepishana kidogo mno. Kisimamishe ncha ikiwa juu, mwanga utokee ubavuni, uhesabu mistari iliyoachwa na mtutu. Mitano inayopanda ikiegemea kushoto ni Lee-Enfield. Minne inayoegemea kulia ni Mauser. Kumbuka tu kwamba Lee-Enfield ilibaki mikononi mwa polisi na wawindaji miongo mingi baada ya 1916.

Maabara haiwezi kumaliza ubishi?

Inasaidia, haimalizi. Uwiano wa isotopu za madini ya risasi (aina za atomi zake zinazopishana uzito) huelekeza kwenye machimbo ya asili, lakini madini haya huyeyushwa upya na kuchanganywa: bomba kuukuu na risasi iliyookotwa vinaingia chungu kimoja. Ipo pia isotopu ya 210, ambayo nusu yake huisha kila miaka 22 hivi. Hiyo hutenganisha madini mapya na makuukuu, bila kusema kichwa chenyewe kilimiminwa lini.

Niisafishe kwa siki ing'ae?

Hapana, tafadhali. Siki huila risasi, na ule utando mweupe ndio unaoilinda. Suuza udongo kwa maji, kausha, weka kwenye kikopo cha plastiki, nawa mikono. Watoto wasiichezee, na isiyeyushwe jikoni.

Yangu ina tundu katikati, nimeitoa kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu.

Hiyo ni chubwi ya wavu, uzito wa kuuzamisha majini.

Tumepata ganda la shaba ambalo kichwa bado kimo. Tuliuze wapi?

Msiliuze, msiligonge, msilipeleke nyumbani. Baruti ya miaka mia bado inaweza kulipuka. Wekeni alama mahali hapo, pigeni picha, mwiteni polisi. Na kwa wote wanaofikiria kuchimba zaidi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimbua mabaki kunahitaji kibali. Ulichookota juu ya udongo, andika siku hiyohiyo ni shamba gani, upande upi, na kilikuwa jirani na nini. Mtaalamu wa mambo ya kale atauliza hayo kabla hajakigusa.