Koseti ya miaka ya 1770 imejikunja kiunoni: je, nitafute chuma?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa fasihi, niko Morogoro. Wanafunzi wangu wanaandaa mchezo wa kuigiza unaotokea Uingereza miaka ya 1770, na mhusika mkuu wa kike anatakiwa kuvaa koseti ya wakati ule, lile vazi la kubana kiwiliwili linalokazwa kwa kamba. Nimeshona moja nyumbani kwa cherehani yangu ya kawaida: nje jinzi za mtumba, ndani bitana nyepesi, na badala ya mifupa ya nyangumi nimeingiza tai za plastiki, zile za kufungia nyaya za umeme. Ikikazwa kamba, kitambaa kinajikunja kiunoni, tai zinapinda kama kiwiko, na pete za bati nilizogonga mgongoni zimeanza kuchomoka. Je, nitafute ile mikanda ya chuma inayofungia mizigo? Binti ana kifua sentimita 90 na kiuno 74.

JIBU: Mwalimu, chuma kiache. Tai zako hazina kosa lolote. Kilichokuangusha ni jinzi.

Jinzi nyingi za kike za mtumba zimefumwa kwa pamba iliyochanganywa na nyuzi zinazovutika kama mpira. Jipimie mwenyewe: weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, vuta kwa mikono miwili juu ya rula. Zikifika 11 na kurudi, kitambaa hicho hakifai koseti hata kiwe kizito namna gani. Kamba ikikazwa, nguo inavutika kuzunguka kiuno, inalegea kwenda juu na chini, na vijiti, yaani hizo tai zako, vinabebeshwa mzigo usio wao. Kwenye koseti, anayeshika mwili ni kitambaa. Vijiti vina kazi moja tu, kukinyoosha kitambaa kisijikunje. Ukitia chuma ndani ya jinzi inayovutika, kiuno kitaendelea kutanuka, na ncha za chuma zitatoboa nguo na kumchoma binti wa watu. Tena mikanda ile ina kingo kali, na jasho likiipata inashika kutu.

Hicho tunachokiita mifupa ya nyangumi si mfupa. Ni bamba ndefu zinazoota mdomoni mwa nyangumi, za asili moja na kucha zetu. Mafundi walizipasua vijiti vyembamba, vyepesi, vinavyopinda bila kuvunjika na vinavyolainika kwa joto hata vikashika umbo la mwili. Plastiki ya tai nzito inakaribia sana tabia hiyo, ndiyo maana washonaji wengi wa mavazi ya kale huko Ulaya na Marekani wanazitumia. Kwa hiyo ulichagua vizuri. Chomoa tai zote uzitunze, tutazirudisha.

Sasa nenda duka la vitambaa, uliza kaki nzito ya sare au kanvasi ya pamba tupu. Mita moja ya upana wa mita moja na nusu inakutosha kwa tabaka mbili, na tabaka zote mbili ziwe za kitambaa hicho hicho. Kabla ya kukata, kifue na kukipiga pasi ili kirudi chote kinachotaka kurudi. Kisha tafuta upande usiovutika kirahisi, ambao kwa kawaida ni wa mtande, yaani wa nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, na huo ndio uulaze kuzunguka kiuno. Bitana nyepesi usiihesabu kama tabaka. Itashonwa mwisho kabisa kwa mkono, ili ikichakaa au ikinuka jasho uifumue na kuweka nyingine. Hata mafundi wa enzi hizo walifanya hivyo.

Kuhusu vipimo, wengi wanakosea karne. Mitandao imejaa patani za koseti yenye kiuno cha nyigu na vifungo vya chuma mbele, lakini hiyo ni karne ya 19. Kifungio cha mbele kinachofunguka katikati kilipewa hataza Ufaransa mwaka 1829. Ya miaka ya 1770 ni bapa mbele, inapungua moja kwa moja toka kifuani hadi kiunoni, inainua kifua na kurudisha mabega nyuma. Haihitaji kumbana mtu. Kiuno cha 74 kipunguze sentimita 3 tu, kibaki 71, kisha toa 5 za pengo la mgongoni: kata 66. Kifua punguza 4, toa pengo lile lile, utapata 81. Pengo hilo ni la lazima, maana koseti mpya hulegea kidogo ikishazoea mwili, na kingo zikigusana huna tena pa kukaza. Kata kwanza kwa kitambaa cha marekani, piga bandi, mvalishe binti, rekebisha. Usiiguse kaki kabla ya hapo.

Chini ya kiuno, kata mipasuko inayoishia kwenye mstari wa kiuno wenyewe, ili upindo ugawanyike vipande vipande na kutanuka juu ya nyonga. Mpasuko ukiishia chini ya mstari huo, koseti itamchimba ubavuni kila akikaa.

Mifereji ya vijiti, yaani njia za kuvipitishia kati ya tabaka mbili, ishone kwa cherehani, sindano namba 16, mshono mfupi. Tai ya milimita 8 inataka mfereji wa 10. Zamani hii yote ilikuwa kazi ya mkono, mfereji mmoja baada ya mwingine katika kitani kigumu, na ilikuwa ufundi wa wanaume wengi wenye karakana zao. Thomas Paine, yule aliyewachochea Wamarekani wadai uhuru, alifundishwa kazi hii na baba yake kule Thetford kabla hajawa mwandishi. Tai zikate vichwa, zichonge ncha kwa msasa mpaka ziwe za mviringo, na kila moja iwe fupi kuliko mfereji kwa nusu sentimita kila upande. Zile zilizokwisha kupinda zitie kwenye maji ya moto, zinyooshe, zigandamizwe chini ya vitabu mpaka zipoe.

Pale ambapo tai zitapungua, una mali nyingine nyumbani: chelewa. Nguo za bei nafuu za enzi hizo huko Ulaya zilikazwa kwa matete na mabua makavu ya majani, na chelewa za ufagio mpya zinafanya kazi ile ile kwa uzuri mkubwa. Chagua zisizo na ufa, zile ambazo ukizizungushia mkononi hazilii. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu. Kusanya tatu au nne, moja ielekeze ncha nene juu, inayofuata ielekeze chini, ili fungu liwe na unene sawa kote, kisha lisukume kwenye mfereji mpaka ujae na usitikisike. Chelewa moja peke yake itavunjika wiki ya kwanza, zikibanana zinasaidiana. Mimi ningeweka tai katikati ya kifua na mgongoni, na chelewa ubavuni, ambako mwili unahitaji kupinda zaidi.

Nibaki kidogo kwenye matundu ya kamba, kwa sababu hapa ndipo koseti nyingi za nyumbani zinapokufa. Kugonga pete ya bati kunakata nyuzi za kitambaa, na nyuzi zikishakatwa, pete inabaki kushikwa na ukingo mwembamba unaochanika kila kamba ikivutwa. Pete za bati zenyewe zilianza kutumika kwenye koseti karne ya 19, kwa hiyo kwa mchezo wako hazina hata uhalali wa kihistoria. Toboa kwa msharasi wa fundi viatu. Msharasi unasogeza nyuzi pembeni bila kuzikata. Uzungushe taratibu, tanua tundu kwa ncha ya penseli, kisha shona kuzunguka kwa uzi imara uliokunjwa mara mbili na kupitishwa kwenye nta ya nyuki au mshumaa. Kila mshono uvute kwa nguvu kwenda nje ili tundu libaki wazi. Ukifika nusu, ingiza msharasi tena, tanua, endelea. Ukimaliza duara, toboa mara ya mwisho. Pande zote mbili za mstari wa matundu weka tai, moja ukingoni na moja ndani, la sivyo mgongo wote utakunjamana kama pazia hata kama kitambaa ni kizuri.

Panga matundu kwa umbali wa sentimita mbili na nusu hivi, lakini ya kushoto na ya kulia yasitazamane: upande mmoja uanze chini kidogo kuliko mwingine. Enzi hizo walitumia kamba moja inayopanda kwa kuzunguka, ikiwa imefungwa fundo chini na kuishia juu. Kamba ndefu ya viatu ya pamba inafaa. Ya nailoni inateleza na kulegea jukwaani.

Binti avae shimizi ya pamba ndani, asivae koseti juu ya ngozi. Aanze mazoezi nayo wiki mbili kabla ya onyesho, nusu saa nusu saa, akisema maneno yake yote kwa sauti ya jukwaani. Akishindwa kuvuta pumzi mpaka tumboni, umekaza kupita kiasi, legeza. Kama kuna tukio la kuinama au kuokota kitu, mfundishe kukunja magoti, maana kiuno hakitapinda.

Baada ya kila mazoezi legeza kamba yote na uianike koseti kivulini penye upepo. Isitiwe kwenye beseni la maji. Chelewa zikilowa ndani ya mfereji zinaota ukungu. Doa lifute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, na bitana ifumue uifue peke yake.