Jibu kwa mleta mada: Kiwanja kilichokuwa cha drai klina Tabora, usichimbe kisima kabla ya kupima udongo

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba nyumba uliyonunua mjini Tabora ilikuwa ya biashara ya drai klina kwa miaka mingi, kwamba chumba cha nyuma bado kina harufu tamu hasa jua linapokuwa kali, na kwamba fundi anakushawishi uchimbe kisima kirefu uani. Nimesimamia uchimbaji wa visima mkoani humu kwa muda mrefu na nimewahi kushughulikia kiwanja cha namna hiyo. Jibu langu ni kwamba kisima kisichimbwe hapo, na sababu iko kwenye miamba yetu.

Kwanza hakikisha kama tatizo lipo kweli, yaani kama kiyeyusho cha kusafishia nguo kiliingia ardhini. Maduka mengi ya miji yetu yenye kibao cha drai klina hufua kwa maji na sabuni, na hayo hayana habari na perkloroethilini, kiyeyusho cha kusafishia nguo bila maji, nitakachokiita perki. Mtafute aliyeendesha mashine, wala usitosheke na maneno ya mwenye duka, umuulize tope la mtamboni lilitupwa wapi na maji yaliyotenganishwa na kiyeyusho yalielekezwa kwenye chemba gani. Katika kiwanja nilichoshughulikia, mwenye mali alisisitiza kwamba hakuna kilichomwagika, lakini mzee aliyekuwa kwenye mashine alitupeleka moja kwa moja nyuma ya ukuta, kwenye shimo la maji taka lililokwisha kufukiwa, na hapo ndipo vipimo vilipotoa kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya ua.

Perki ina uzito wa takribani mara 1.6 ya maji na haiyeyuki kwa wepesi ndani yake, kwa hiyo tofauti na petroli, ambayo huelea juu ya maji ya ardhini, yenyewe huyapita na kuendelea kushuka mpaka ikutane na tabaka linaloizuia. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya mwamba wa matale: juu kuna kichanga, chini yake udongo wa mfinyanzi uliotokana na mwamba uliooza, kisha mwamba mgumu wenye nyufa, na visima vyetu virefu hutegemea nyufa hizo. Mfinyanzi ule ndio unaoweza kuwa umeizuia perki yako isishuke. Mashine ya kuchimba ikiutoboa mahali penye uchafu, umeifungulia njia ya kwenda kwenye nyufa, na ikishaingia huko hakuna anayeweza kuifuata yote, hata katika nchi zenye fedha nyingi. Marekani inaruhusu mikrogramu 5 tu za perki katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa hesabu hiyo lita moja ya kiyeyusho inatosha kuharibu zaidi ya lita milioni 300. Pua haitakusaidia, kwa sababu harufu huanza kusikika majini karibu na miligramu 0.3 kwa lita, yaani mara 60 ya kiwango hicho.

Kwa hiyo pima udongo na hewa iliyomo ndani yake kwa kekee ya mkono, kina kifupi, bila kuugusa mfinyanzi. Visima vya majirani walio upande wa mteremko vipimwe maji mapema, na majirani waelezwe sababu. Sampuli ya maji huwekwa kwenye kichupa cha kioo kilichojazwa pomoni bila kiputo cha hewa, kikasafirishwa ndani ya barafu hadi maabara yenye uwezo wa kupima viyeyusho. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani itakupa majibu ya uongo. Kuchemsha maji hayo kunahamishia mvuke jikoni, klorini haiiondoi perki, na mkaa wa kupikia si mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu kunasa kemikali, unaotumika kwenye vichujio.

Kuhusu kusafisha, uchafu ukiwa bado kwenye kichanga, wewe una bahati. Kiangazi, udongo ukiwa mkavu, mabomba yenye matundu hufukiwa na feni ya kufyonza huutoa mvuke, ambao hupitishwa kwenye mkaa ulioamilishwa kabla ya kuachiwa nje. Sehemu ndogo yenye uchafu mkali huchimbwa na kuondolewa, lakini udongo huo ni taka hatarishi na haupelekwi dampo; ndiyo maana NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) lazima ihusike tangu mwanzo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kabla ya masika, paezekwe au pasakafiwe ili mvua isiusukume uchafu chini.

Ukishafika majini, gharama hupanda sana. Kuvuta maji na kuyachuja huzuia uchafu usisambae, lakini kazi hiyo huweza kuendelea kwa miongo. Wengine hulisha bakteria wa ardhini kwa molasi au mafuta ya mimea ili waivunje perki (najua mtu wa Kigoma atauliza kuhusu mawese). Njia hiyo ni ya kweli, ila perki huvunjika kwa hatua, na hatua mojawapo huzaa vinili kloraidi, ambayo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu ni mkubwa kuliko wa perki yenyewe. Bakteria wasipofika mwisho wa kazi, umebadilisha ubaya kwa ubaya zaidi. Asikufanyie kazi hiyo mtu asiye na vipimo vya mara kwa mara.

Wakati unasubiri majibu, chumba chenye harufu asilale mtu, madirisha yabaki wazi na nyufa za sakafu zizibwe, kwa kuwa mvuke hupanda kupitia humo. Kwa matumizi ya nyumbani, omba kuunganishwa na maji ya mamlaka, ambayo sasa yanatoka Ziwa Victoria. Fundi wako akiendelea kukushawishi, mwombe akuonyeshe kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika kwa kisima hicho. Ukishampata mwendesha mashine, weka hapa mchoro wa jengo, chemba na mwelekeo wa mteremko, nami nitakuelekeza pa kuanzia kutoboa kwa kekee.