Muulize Shangazi: Jumba la paka Amsterdam, niende au nisiende?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Mwezi wa pili nakwenda Uholanzi kwa mafunzo, na nimepata Jumamosi moja ya kutembea Amsterdam. Wenzangu wameshanipangia: Rijksmuseum, makumbusho makubwa ya taifa, kisha boti ya kwenye mifereji. Lakini moyo wangu uko kwenye makumbusho madogo ya paka yaitwayo KattenKabinet. Paka wangu mweusi, Chausiku, alikufa mwaka jana. Nilikuwa naye tangu niko chuoni, na hadi leo nikisikia mlango unakwaruzwa nainuka. Wifi yangu anasema kulipa kiingilio ukatazame picha za paka ni kuchezea pesa, na kumjengea mnyama jumba ni kufuru. Wewe ulishafika huko. Unanishaurije?
M., Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa Chausiku. Aliyefiwa na paka huku kwetu hapewi pole na mtu, basi pokea yangu.

Nenda. Na kama siku itatosha mahali pamoja tu, pawe hapo. Rijksmuseum ni kubwa mno. Utazunguka hadi miguu iwake moto, na jioni picha zote zimekuchanganyikia. KattenKabinet ni vyumba vichache ndani ya nyumba ya mtu, Herengracht namba 497, si mbali na soko la maua. Ni nyumba ya kitajiri ya mwaka 1667, yenye dari zilizochorwa, na mwenye jumba anaishi ghorofa ya juu.

Huyo mwenyewe ni Bob Meijer. Alikuwa na paka dume wa rangi ya chungwa aliyeishi kuanzia 1966 hadi 1983, akampa jina la tajiri wa benki wa Marekani, John Pierpont Morgan. Kila baada ya miaka mitano, siku ya kuzaliwa ya paka ikifika, marafiki walimletea zawadi: picha ya kuchorwa, sanamu ya shaba nyeusi, na alipotimiza miaka 15 noti ya dola iliyochorwa uso wake, yenye maneno kwamba mbwa hatumwamini. Paka alipokufa, vitu vile vilibaki. Mwaka 1990 Meijer akafungua jumba kwa kumbukumbu yake, akaendelea kukusanya.

Hapo ndipo ninapomjibu wifi yako. Hakuna anayeabudu paka pale. Ni mtu aliyekataa kutupa vitu vya kipenzi chake. Na kama neno lake ni la dini, mkumbushe hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Mkwewe, mke wa mwanawe, alimwekea maji ya kutawadhia, paka akaja, Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mkwewe akashangaa. Abu Qatada akamjibu kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaokuzungukeni majumbani. Imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Mimi nililelewa nayo, na ndiyo maana sijawahi kumfukuza paka barazani.

Ukiingia, usikimbilie majina makubwa. Vipo vya Picasso na Rembrandt, lakini ni vidogo, utavipita upesi. Simama kwenye matangazo ya zamani ya ukutani, hasa lile la mchoraji Steinlen la mwaka 1896, la kilabu cha Paris kilichoitwa Paka Mweusi. Paka yule amekaa wima, manyoya yamemsimama, macho ya manjano yanakufuata. Mimi nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Wewe uliyelea paka mweusi utakaa zaidi, na usione haya chozi likitoka.

Paka hai nao wamo, wanalala juu ya viti watakapo. Usimbebe aliyelala, chutama, mnyooshee mkono, akitaka atakuja.

Nililolikosa pale ni paka wa kazi. Wengi waliochorwa wamelala juu ya mito. Sikumwona anayefanana na hawa wetu wa soko la samaki la Deep Sea, masikio yamechanika, wanaijua kila mashua kabla haijashusha. Ndiyo maana nakuomba jambo kabla hujasafiri. Picha za Chausiku zilizo kwenye simu zipeleke studio zikasafishwe, na nyuma ya kila moja andika mwaka, mtaa, na alikuwa anafanya nini. Bakuli lake kama bado lipo, usimpe mtu. Mwambie na jirani aliyekuwa akimrushia vichwa vya dagaa akusimulie anayoyakumbuka, uyaandike kama alivyoyasema.

Mwezi wa pili kule ni baridi kali: vaa sweta mbili na viatu vya kufunika. Na ukirudi niandikie kama umemwona yule paka wa Steinlen.
Shangazi