Gemu ya kutisha kwa projekti ya mwaka wa mwisho: yaliyotukuta Mbeya

Mkuu, umeuliza kama wewe na wenzako wawili mnaweza kumaliza gemu ya kutisha, ile ya kuona kwa macho ya mhusika, ndani ya semista moja. Hatua tano, bunduki, popobawa, laptop ya RAM 4. Hamuwezi. Nasema hivyo kwa sababu na sisi tulianza na orodha kama yako, tukaishia na bweni moja lenye korido moja. Na tulipata alama nzuri tu.

Popobawa kwanza mwache kwao Pemba. Sisi tulikuwa Mbeya, tukajiuliza kitu gani kilitutisha utotoni. Mwenzetu wa Njombe akakumbuka bwenini kwao, Juni, baridi kali, umeme umekatika na choo kiko nje. Mimi nikamkumbuka bibi: ukisikia unaitwa usiku, usiitikie. Gemu yote ikatoka hapo. Mchezaji anachagua jina lake kwenye orodha, anatoka kwenda chooni na tochi, halafu jina lile linaitwa nyuma yake. Kuna kitufe cha kuitikia, na akikibonyeza amekwisha. Majina tulirekodi ishirini kwa simu, sauti ya mtu mmoja tu, ananong'ona.

Kosa letu kubwa lilikuwa jini, yaani yule anayeita jina. Wiki sita nzima jamaa yetu yuko kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo, anachonga vidole. Tukawapa watu wa geto la jirani wajaribu. Jini lilipotokea, wakacheka! Mmoja akasema linafanana na konda. Tuliufuta mwili wote, tukabakiza nyayo mbili zinazoonekana chini ya mlango. Hizo hakuna aliyezicheka, na kompyuta nayo ikapumua.

Muda mwingi upe sauti. Mvua juu ya bati tuliifuata Tukuyu, ambako mvua huibembelezi, simu nikiwa nimeivika soksi upepo usiharibu. Hatua za miguu tulirekodi kwenye sakafu ya mbao kwa mjomba. Ila tulipoteza siku kadhaa tukishangaa kwa nini mlango wa mwisho wa korido unalia kana kwamba uko sikioni. Kumbe Unity, injini yetu (programu ya kuundia gemu), usipoigusa huipiga sauti bapa, sawasawa kila mahali. Kuna kitelezi cha kuifanya itoke mahali fulani na kufifia ukiwa mbali. Kisukume hadi 1. Na wajaribuji wavae hedifoni, spika za laptop zinaua kila kitu.

Kuhusu mashine yako: Unity itafunguka kwenye RAM 4, lakini utakunywa chai kila ukibonyeza kitufe cha kucheza. Ningekuwa wewe ningechukua injini nyingine, Godot, ni ya bure, nyepesi, na lugha yake haina kona nyingi. Kwa injini yoyote, taa za ukutani zioke mapema, yaani kivuli kihesabiwe mara moja na kuhifadhiwa kama picha. Tochi peke yake ndiyo ihesabiwe papo kwa papo. Halafu weka ukungu. Silent Hill ya mwaka 1999 ilijaa ukungu kwa kuwa PlayStation ya wakati ule isingeweza kuchora mji kwa mbali, na watu mpaka leo wanaukumbuka kwa woga. Sisi wa Uyole, Mbeya, ukungu tunao wa bure asubuhi, hakuna atakayeuliza umetoka wapi.

Kichwa cha mhusika kisiyumbe sana anapotembea. Chetu kiliyumba, dada mmoja akatoka nje kutapika. Sijui kama hiyo nayo inahesabika kuwa ni kutisha.

Nakala za kazi weka GitHub, ghala la mtandaoni la kazi za programu, tangu siku ya kwanza, lakini folda ya Library usiipakie, Unity huitengeneza upya yenyewe. Mimi niliipakia. Bando la wiki likaisha kabla ya saa sita mchana, na bado mzigo ukakataliwa maana kule faili moja halizidi MB 100.

Msimamizi atakuuliza gemu inatatua tatizo gani katika jamii. Andaa jibu mapema, usianze kubabaika juu ya ajira kwa vijana. Sisi tulisema tunapima jinsi sauti inavyomwongoza mtu gizani, tukaonesha matokeo ya wajaribuji, akaridhika.

Siku ya kuwasilisha ndiyo ilitaka kutumaliza. Saa nne asubuhi, darasa lina madirisha pande zote, hayana mapazia, na gemu yetu ni giza tupu. Projekta ikaonesha ukuta mweusi. Hatukuwa tumeweka sehemu ya kuongeza mwanga (wewe iweke, ni kazi ya nusu saa). Ikabidi tumsogezee laptop mmoja wa wakaguzi, mzee mkimya, tukamvika hedifoni na kumfunika na koti. Akachagua jina lake, lilikuwemo kwenye orodha. Tukakaa kimya, tunaona miguu yake tu chini ya meza. Baada ya dakika kama mbili tukamsikia ndani ya koti anasema kwa sauti, "Naam?"

Darasa zima likamjibu: mzee, umeshakufa.