Maswali Yenu: Utafiti Unamfikiaje Mtoto Aliye Darasani?

Wiki tatu zilizopita niliandika kwamba watoto wetu wengi wameifikia shule ila elimu bora haijawafikia, na kwamba watafiti wa vyuo vikuu wana sehemu yao katika kuliondoa pengo hilo. Barua zimekuja nyingi, baadhi zikiwa na hasira. Hizi tisa nimezijibu kwa kadiri ya ninavyojua.

Nafundisha shule ya msingi mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila mwaka wanakuja vijana wa chuo na madodoso, tunajaza, wanapiga picha, wanaondoka. Hatujawahi kuletewa hata karatasi moja ya majibu. Huo utafiti unamsaidia nani? (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, lalamiko lako ni la haki na sina la kuwatetea nalo. Kumchukulia mtu muda wake, kumuuliza mambo ya kazi yake, kisha usimrudishie jibu, ni deni lisilolipwa.

Lakini upo utafiti wa namna nyingine. Mwaka 2009 mpango wa Uwezo, wa kupima kama watoto wanajua kusoma, ulianza Tanzania, Kenya na Uganda, kwa mfano wa kazi iliyokuwa ikifanyika India tangu 2005. Wajitoleaji walikwenda majumbani, wakamkalisha mtoto, wakampa silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, mwisho hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mzazi yupo pale pale anasikia.

Niliwahi kujitolea katika zoezi la namna hiyo, kijiji kimoja mkoani Singida. Binti wa darasa la nne alituamkia, akakaa kwenye mkeka, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Silabi akasoma. Alipofika neno "kikapu" akasema "ki-ka", akanyamaza, akaanza upya, akanyamaza tena. Mama yake alikuwa anachambua mchicha, mikono ikasimama. "Mwalimu, huyu kila siku anakwenda shule. Hajakosa hata siku moja." Alikuwa anasema kweli. Madaftari ya mtoto yalijaa mwandiko mzuri, wote umenakiliwa ubaoni.

Kwa miaka mingi tulihesabu walioandikishwa, na hesabu hiyo ilipendeza baada ya ada kufutwa: Uganda 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003. Binti yule alikuwemo ndani ya hesabu inayopendeza. Asingejulikana kama asingetokea mtu wa kumwomba asome neno moja.

Wakija tena, mwalimu, kabla hamjajaza chochote waulizeni watarudi lini na nani ataleta majibu. Hiyo ni haki yenu.

Shule yetu ilipata vitabu vya kiada kwa msaada, watoto wawili kitabu kimoja. Miaka miwili sasa, alama ni zile zile. Tumekosea wapi? (Mjumbe wa bodi ya shule, Bungoma)

Jibu lako lipo kwa jirani zenu wa Busia. Katika miaka ya 1990 Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizogawiwa vitabu wakazilinganisha na ambazo hazikupata. Wengi wangeapa kwamba vitabu vitapandisha alama. Wastani haukupanda. Walionufaika ni watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alikuwa na kitabu mkononi ila mlango wake umefungwa.

Tanzania tulipata somo linalofanana na hilo kwa upande wa fedha. Mwaka 2013 na 2014, mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza uliingia katika shule 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku. Huko, walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza alama, na sababu mojawapo inatuhusu wazazi: tulipoona shule imepata fedha, tulipunguza kile tulichokuwa tukitoa wenyewe. Palipokuwa na ruzuku na motisha ya mwalimu kwa pamoja, watoto walijifunza zaidi, na faida ilizidi jumla ya kile ambacho kila kimoja kilileta peke yake.

Matokeo haya huyarudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu kila upande ulikuwa umeng'ang'ania lake. Wapo waliosema shida ni fedha, wapo waliosema shida ni walimu. Kumbe kila mmoja alishika nusu.

Kenya nayo haikuishia kwenye masikitiko ya Busia. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 baada ya kujaribiwa kwa miaka kadhaa, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya kwanza kitabu chake, ukampa mwalimu mwongozo wa kila kipindi, na ukawapeleka maafisa wa mitaala madarasani wakae nyuma, wasikilize, kisha wazungumze na mwalimu. Watoto walisoma vizuri zaidi. Ndugu mjumbe, kwenye kikao kijacho ulizeni ni watoto wangapi wanaoweza kusoma ukurasa wa kwanza wa vile vitabu. Anzieni hapo.

Shule imemtafunisha mwanangu dawa ya minyoo bila kumpima. Hii ni sawa? (Mama, Kilifi)

Ni sawa, mama. Kumpima kila mtoto kunagharimu kuliko dawa yenyewe, na dawa hizo hazimdhuru asiye na minyoo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri wagawiwe wote mahali ambapo minyoo imeenea.

Habari hii nayo ina mizizi Busia. Kuanzia 1998 Edward Miguel na Kremer (huyo huyo, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo) walifuatilia shule 75. Utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, maana mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo wanaouchezea. Mwaka 2009 Kenya ikaanza kugawa dawa shuleni kitaifa. Mwaka 2015 watafiti wengine walizirudia hesabu zile, wakakuta makosa, hasa kwenye kile kilichosemwa kuhusu nafuu iliyofika shule za mbali, na wataalamu walibishana kwa ukali. Hilo lisikutie hofu. Mimi huwaamini zaidi watu wanaotoa hesabu zao zikaguliwe.

Jambo moja tu: alama za mitihani hazikupanda kwa sababu ya dawa. Dawa ilimrudisha mtoto darasani. Kumfundisha kulibaki kuwa kazi ya mwalimu.

Darasa langu la tatu lina watoto 112. Wapo wanaosoma hadithi, wapo wasiojua herufi. Nikimfundisha huyu nampoteza yule. Nifanyeje? (Mwalimu, Geita)

Swali lako ndilo zito kuliko yote niliyopokea, na sitakudanganya kwamba 112 ni idadi ya kufundishika. Lakini kuna jambo lililopimwa mara nyingi.

Shirika la Pratham la India lilianza na yale yale aliyofanyiwa binti wa Singida: kila mtoto asome mbele ya mwalimu, dakika moja au mbili. Kisha kwa saa moja au zaidi kila siku watoto wa la tatu, la nne na la tano wanachanganywa na kupangwa upya kwa kile wanachojua, bila kujali darasa. Wasiojua herufi wanakaa na wenzao wasiojua herufi, hata kama mmoja ni mrefu kuliko mwalimu. Kundi linafundishwa hapo lilipo, kwa michezo, kadi na hadithi fupi, na mtoto akipanda anahamia kundi la juu. Saa hiyo ikiisha wanarudi madarasani kwao. Utaratibu huo umepimwa kwa miaka na kuonekana unafaa, na Zambia wameupokea katika shule nyingi za serikali.

Najua unahofia kwamba watoto wa chini wataitwa wajinga. Nami nilihofia. Magharibi mwa Kenya, Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifuatilia shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Nusu ziligawa darasa kwa uwezo wa watoto, nusu kwa bahati nasibu. Zilipogawa kwa uwezo, wa juu walipanda na wa chini nao walipanda, kwa kuwa mwalimu wao hakuwa tena anamkimbiza yule wa mbele.

Huwezi kulifanya peke yako. Mwombe mwalimu mkuu saa moja hiyo kwenye ratiba, na mwenzako wa la nne akubali kuchanganya. Makundi yapeni majina ya matunda au wanyama. Anza na muhula mmoja.

Wanasema elimu ni bure, lakini bila sare mtoto harudi shule. Hili hawalitafiti? (Bibi anayelea wajukuu, Kwale)

Shikamoo bibi. Wamelitafiti, na wamekupa haki. Katika shule 328 za magharibi mwa Kenya, baadhi ya watoto wa darasa la sita walipewa sare bure. Walioacha shule walipungua, na wasichana waliobeba mimba au kuolewa mapema walipungua pia. Sare moja ilimweka msichana shuleni, na shule ikamwepusha na mengine. Mpelekee chifu jambo hili, na anayesimamia basari za kata. Wajukuu wako wana hoja yenye ushahidi.

Mwalimu wa fizikia akieleza kwa Kiswahili tunaelewa, mtihani unakuja kwa Kiingereza. Kwani watafiti hawajaliona? (Kidato cha tatu, Mtwara)

Wameliona, mwanangu, kabla hujazaliwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili, kuanzia 1985. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliangalia Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari wakaona kwamba wengi hawakuwa na lugha ya kutosha kujifunzia masomo mengine. Kuanzia 2002 mradi wa LOITASA, ambao Profesa Martha Qorro wa Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo walikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulifundisha mada zile zile kwa lugha mbili. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi.

Utafiti ulifanya kazi yake. Uamuzi ndio haujafika. Kinachowazuia wengi ni hofu ya wazazi kwamba mtoto atakikosa Kiingereza, na hofu hiyo nayo ilishapimwa. Huko Ife, Nigeria, kuanzia 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walifundisha miaka sita ya msingi kwa Kiyoruba, Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Watoto wale hawakubaki nyuma, hata kwenye Kiingereza chenyewe. Msimamo wangu ndio huo: Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na fizikia ifundishwe kwa lugha inayoeleweka.

Kwa sasa mtihani wako hautakusubiri. Gawa ukurasa wa daftari katikati: kushoto Kiingereza cha kitabu, kulia maelezo yako kwa Kiswahili.

Mfadhili anataka kutuletea kompyuta ndogo kwa kila mtoto. Tukubali? (Mwalimu mkuu, Mbeya)

Kubali ikiwa zinakuja na mafunzo ya walimu na masomo yaliyomo. Peru waligawa kompyuta kwa watoto wa vijijini, watafiti wakafuatilia shule 319, na alama za hisabati na lugha hazikubadilika. Ukiweza kumshawishi ageuze sehemu ya fedha hizo kuwa vitabu vya hadithi, fanya hivyo.

Nasoma uzamili wa elimu. Nataka tasnifu yangu isiishie kwenye rafu. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Anza na barua ya mwalimu wa Kasulu hapo juu, uisome mara mbili. Kabla hujachagua mada, nenda shule unayotaka kuitafiti ukawaulize walimu ni jambo gani wangependa kulijua wakakosa wa kuwapimia. Ukimaliza, andika kurasa mbili kwa Kiswahili, uzipeleke mwenyewe, ukae nao wakukosoe. Nakala mpe mratibu elimu kata. Na kama ulichokitarajia hakikutokea, kiandike hivyo hivyo; vitabu vya Busia visivyopandisha alama vimetufaa kuliko ripoti nyingi za mafanikio.

Mimi sikusoma. Barua hii kaniandikia dada wa jirani. Nitajuaje kama mwanangu wa darasa la tatu anajua kusoma kweli? (Mama, Singida)

Mama, asante kwa kuniuliza. Vijijini Kenya watafiti waliwahi kuchunguza kama wazazi walioambiwa matokeo ya watoto wao walichukua hatua kuliko wasioambiwa. Hawakuona tofauti. Wanaeleza kwamba mzazi akiambiwa tu mtoto hajui, bila kujua la kufanya, habari hiyo haimsogezi. Kwa hiyo nitakupa la kufanya.

Mwambie alete kitabu chake cha Kiswahili asome ukurasa. Akisoma harakaharaka huku macho yake yakiwa dirishani, amekariri. Weka kidole chako kwenye neno lolote, umuulize ni neno gani. Tazama umbo la neno hilo, kisha litafute mahali pengine kwenye ukurasa huo huo. Hata asiyesoma anaweza kuona maumbo mawili yanayofanana. Weka kidole hapo, uliza tena. Akitaja neno lile lile bila kurudi mwanzo wa mstari, anasoma. Akitaja neno jingine, au akianza kuimba ukurasa mzima ili alifikie, bado.

Usimpige wala usimcheke. Kesho asubuhi nenda naye shuleni, ukiwa na kitabu hicho, umwambie mwalimu wake ulichokiona. Umwonyeshe na neno lenyewe.