Jaribu kwa nakala kwanza
Ndugu yangu, unauliza kama uhamie darktable, programu ya kuhariri picha, na harusi ya Jumamosi iko mlangoni. Usihamie wiki hii. Nakili picha 200 za kazi ya zamani, ujaribu nazo hizo. Programu ni ya bure, na faili ghafi (RAW, kama ilivyotoka kwenye kamera) haiigusi: marekebisho huyaandika kwenye kifaili cha pembeni chenye mkia wa .xmp. Lakini rangi ulizozitengeneza kwenye Lightroom, programu yako ya sasa, hazitatoka vilevile, kila programu ina hesabu zake. Mimi niliipima kwa picha za Forodhani usiku, moshi wa mishikaki na taa za mezani. Zile chengachenga za kivulini zilinila jioni tatu. Na kadi ya kamera usiifute mpaka picha ziwe kwenye diski mbili, tafadhali sana.