Mswada, kanuni, sera: wa uwanja wa ndege wanauliza

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Kisumu kama zimeambizana, za watu wa uwanja wa ndege na familia zao. Nimechagua nne.

SWALI: Mimi hupakia mizigo kwa ndege hapa Kisumu na ni memba wa chama. Juzi tuliitwa mkutano, afisa akasimama akasema mswada wa mambo ya ndege umeshasomwa mara ya kwanza, sasa tupeleke memoranda mapema, tusingoje kanuni zitoke kwa Gazeti Rasmi la serikali. Tukapiga makofi. Kutoka nje nikamuuliza jirani yangu ameelewa nini, akaniambia yeye alikuwa anangoja soda. Hayo maneno yananihusu wapi? Mpakiaji, Otonglo

JIBU: Omera, hata huko mbele kulikuwa na wangoja soda, usijione mjinga. Mswada bado si sheria, ni mapendekezo yaliyochapishwa. Kusomwa mara ya kwanza ni karani kusoma kichwa tu, hakuna anayebishana, halafu unapelekwa kwa kamati, na mambo ya ndege kwa kawaida huenda Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu. Hapo ndipo afisa wenu alikuwa anawaelekeza, manake Kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha bunge kuhusisha wananchi, so tangazo linawekwa magazetini likiwa na tarehe ya mwisho, na memoranda ni barua tu ya maoni, hata wewe na huyo wa soda mnaweza kuandika, si lazima wakili. Lakini tafadhali msiandike "sisi wafanyakazi tumeteseka sana". Nimeona barua za hivyo, kurasa tatu za machozi, na mbunge akimaliza hajui abadilishe nini. Andika nambari ya kifungu, neno gani litoke, lipi liingie, na sababu kwa mistari miwili.

Kusomwa mara ya pili ni mjadala wa mswada mzima, kisha bunge lote linakaa kama kamati na kupita kifungu kwa kifungu, hapo marekebisho yanapigiwa kura, halafu mara ya tatu ni kumalizia. Ukianza kumpigia mbunge simu siku hiyo ya tatu umechelewa kabisa, gari imeshatoka steji. Mswada ukifika kwa Rais ana siku 14 atie sahihi ama aurudishe, akinyamaza tu unahesabika ameukubali. Akishakubali unachapishwa kwa Gazeti Rasmi ndani ya siku 7, na kama haujataja tarehe yake wenyewe unaanza kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa.

Sasa kanuni, na hapa ndio nataka ukae macho kuliko kwa mswada. Sheria yenyewe ya ndege ni ya 2013 na imeacha mambo mengi ya kila siku yawekwe na waziri kwa kanuni: leseni, masaa ya kazi, usalama wa kiwanja. Kanuni hazisomwi mara tatu, mtu anaamka anazikuta kwa Gazeti. Ila kuna sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2013 inayosema kwanza wanaoguswa waulizwe, na zikishachapishwa zipelekwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, zisipopelekwa zinakufa. Siku za vikao ni zile bunge linakaa, si za kalenda, so bunge likienda likizo hesabu inasimama. Kamati ya bunge inayokagua kanuni inaweza kupendekeza zifutwe, na kwake pia mnaweza kuandika.

Sera ni mwelekeo wa serikali tu. Meneja akikwambia "hii ni sera" muulize imetoka kwa sheria gani ama kanuni gani, umwangalie usoni.

SWALI: Ndugu yangu huongoza ndege. Wenzake wa uwanjani wakigoma yeye anabaki mnarani, na tukikaa kula samaki hapa nyumbani tunamcheka ati ni mwoga. Kwani yeye hana haki ya kugoma kama wengine? Dada mtu, Kondele

JIBU: Mwacheni ale samaki yake. Haki ya kugoma iko Kifungu cha 41 cha Katiba, sawa, lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ina orodha ya huduma muhimu ambazo mgomo hauruhusiwi, na kuongoza ndege pamoja na mawasiliano ya ndege zimo, zimekaa kwa orodha moja na maji, hospitali, feri na wazima moto wa serikali. Mzozo wao unaamuliwa na mahakama ya kazi. Wale wengine wanaweza kugoma lakini kwanza upatanisho ushindwe, kisha chama kitoe notisi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa waziri. Marekani waongoza ndege walijaribu tarehe 3 Agosti 1981, Rais Reagan akawapa saa 48, na zaidi ya 11,000 wakapoteza kazi. Ndugu yako pengine anaijua hiyo stori kuliko nyinyi nyote hapo mezani.

SWALI: Mimi si memba wa chama lakini payslip inaonyesha nakatwa pesa ya chama kila mwezi. Huu si wizi? Mkatwaji, Nakuru

JIBU: Hiyo si ada ya umemba, ni ada ya wakala. Kama kuna mkataba wa pamoja wa mishahara uliosajiliwa mahakamani na unakuhusu, chama kinaweza kuomba waziri aamuru wasio memba wakatwe, kwa sababu nyongeza mnakula wote. Uliza ofisini wakuonyeshe amri ya waziri. Wasipokuwa nayo, hapo una kesi.

SWALI: Nafanya kazi uwanja mdogo huku magharibi, sitautaja. Asubuhi moja nilipata bolti imelala pale ndege hugeukia, urefu wa kidole changu, ina grisi bado. Nikapiga picha nikaripoti. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya onyo ati nilichelewesha ndege. Wenzangu wameniambia sa nyingine nipige teke iende kwa nyasi. Kuna neno gani la kunitetea? Mimi wa Bolti

JIBU: Usiipige teke. Bolti kama hiyo ikivutwa na injini ama ikapasua tairi, hakuna atakayeuliza ndege ilichelewa dakika ngapi. Neno lako ni "utamaduni wa haki" (kwa Kiingereza just culture), yaani anayeripoti hatari kwa nia njema haadhibiwi, na si la mtaani, linatumika na watu wa usalama wa ndege. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, ndicho cha usimamizi wa usalama, kilianza kutumika Novemba 2013, na kinataka kila nchi iwe na njia mbili za kuripoti, ya lazima na ya hiari, na anayeripoti alindwe. Ulinzi huo haufuniki uzembe wa kupindukia ama ubaya wa makusudi, lakini kuokota bolti si uzembe jamani. Mikataba ambayo Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria yetu, Katiba Kifungu cha 2(6).

Jibu hilo onyo kwa maandishi wiki hii, usijibu kwa simu. Weka tarehe na saa uliyoripoti, jina la aliyepokea, nakala moja kwa shopstiwadi wako, yaani mwakilishi wa chama hapo kazini, nyingine ibaki kwako nyumbani. Na ile picha usiifute, hata simu ikijaa, afadhali ufute za harusi.